Mafuta ya Uso, Mafuta ya Toba

Musaga, Jumapili, Novemba 1969

Mvua ilianza tulipotoka kanisani na haionyeshi dalili ya kuchoka. Bati linapiga kelele kiasi kwamba mtu akilia chumba cha pili huwezi kumsikia. Sijui kama mke wangu, Mama Riziki, analia. Yuko jikoni, amenipa mgongo, na mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda na uso unaowaka, naandika kwa sababu hakuna mwingine wa kuzungumza naye.

Leo nimetubu dhambi ambayo sikuifanya.

Nimeisoma tena sentensi hiyo na bado inanishangaza. Watu hukana dhambi zao, ndiyo desturi ya binadamu tangu Adamu. Mimi, mwalimu wa kwaya, mtu mzima mwenye mke na watoto, nimesimama mbele ya kanisa zima nikajitwisha ya bure. Sababu ni uso huu. Uso huu na kiburi changu, lakini nianze na uso, maana kiburi hakionekani kwenye kioo.

Baba yangu alikuwa Mgiriki aliyekuwa akinunua samaki Uvira. Hakuniachia duka wala jina, aliniachia ngozi. Ni ngozi isiyojua kutunza siri. Nikicheka inakuwa nyekundu, nikila pilipili inakuwa nyekundu, mtu akiniita ghafla inakuwa nyekundu. Ujanani yalikuwa mashavu tu, na wekundu ulikuja ukaenda zake. Tangu nianze kazi kwenye bulanjeri ya mjini, mbele ya mdomo wa tanuri la mikate kila alfajiri, umekuja na umekataa kuondoka. Umeteka mashavu, umepanda puani, umeleta na vipele vidogo visivyo na usaha lakini vinachoma. Kuna asubuhi hata maji ya kunawa yananiuma.

Mzungu akiwa mwekundu, watu husema ni jua. Mimi nikiwa mwekundu, ni pombe.

Na kanisani kwetu pombe haina mjadala. Akijulikana mtu amekunywa, iwe bia ya chupa au urwarwa wa ndizi, anaondolewa kwenye Meza ya Bwana na kuwekwa benchi la nyuma mpaka wazee waridhike. Wengi wetu tulivuka mpaka kutoka Kongo na kifurushi kichwani, na kanisa hili ndilo lililotupokea, kwa hiyo benchi la nyuma linauma kuliko mbao zake. Kwa miezi mingi sasa nimekuwa nikiona wazee wakinisalimu kwa kunisogelea mno. Mzee Elia, ambaye ndiye mkubwa wao, hunishika mkono, huinamisha kichwa karibu na kinywa changu, huvuta pumzi, kisha huuliza habari za nyumbani. Ananinusa. Mimi hujifanya sijui, na kwa kujifanya sijui nazidi kuwa mwekundu, naye anazidi kuamini.

Aliyekuwa akinitetea ni mke wangu. Bombani, kwenye kikao cha wamama, popote jina langu lilipotajwa kwa kicheko, Mama Riziki aliweka ndoo yake chini na kusema mume wake hajaonja hata tone tangu wajuane, na asiyeamini aje kwao amnuse mwenyewe. Ana ulimi, Mama Riziki, lakini wanawake wa kanisa wanamheshimu. Ndiye wanayemwita kumfunda bibi arusi na kumpeleka kwa mumewe. Kazi hiyo hapewi mwanamke ambaye nyumba yake ina maneno. Jumamosi hii inayokuja ilikuwa zamu yake tena, binti wa mmoja wa wanakwaya wangu anaolewa, na wiki nzima amekuwa akizunguka nyumba akiimba.

Nimeandika "ilikuwa." Tutafika huko.

Nilitafuta namna ya kuuzima uso kimya kimya, na nilifanya kama mtu anayefukuza mwizi. Nilianza na sabuni ya kufulia, kwa hoja kwamba kitu kinachotoa grisi kwenye aproni hakiwezi kushindwa na shavu. Nikafuata ndimu. Nikafuata spiriti ya kusafishia vidonda, nikatoa machozi nyuma ya magunia ya unga huku wenzangu wakidhani nimefiwa. Nilikuwa naamini dawa isiyouma si dawa. Uso nao ulinijibu kwa lugha hiyo hiyo, kila nilipouchapa ukavimba.

Halafu, na hapa ndipo aibu inapoanza hasa, nikaingiza kidole kwenye kikopo cha krimu cha mke wangu.

Ni zile krimu za kung'arisha uso ambazo wanawake wetu wananunua kwa wachuuzi wanaovuka mpaka. Wenzangu wanaipaka ili wawe weupe, wafike nilipo. Mimi nilifika siku niliyozaliwa, nikaipaka ili nitoke. Siku za mwanzo uso ulitulia kweli, nikajitazama nikajiona kijana tena, hata sauti yangu kwenye kwaya ikapanda. Kisha ngozi ikawa nyembamba, ikaanza kung'aa vibaya, vijishipa vidogo vikatokea puani, na siku nikiikosa krimu uso unawaka maradufu. Nikawa mtumwa wa kikopo. Mwanaume mzima, namsubiri mke wangu aende sokoni ili niingie chumbani kujipaka.

Mwisho nilienda kwa masera, yaani sista muuguzi wa zahanati ya misheni ya Wakatoliki. Nilivaa kofia mpaka kwenye nyusi, maana kwetu mwalimu wa kwaya kuonekana mlangoni kwa Wakatoliki nako kuna maneno yake. Nilipoingia nikasahau kusalimu. Masera, Mbelgiji wa makamo, alikuwa na uso wangu. Mashavu yale yale, pua ile ile, hata vijishipa. Akaona namwangalia akacheka, akasema huu ni ugonjwa na una jina, kuperozi, na kwamba kwao Ubelgiji mjomba wake hadi leo anaamini mpwa wake hunywa divai ya misa.

Sikumbuki lini nimewahi kufurahia jina la ugonjwa kiasi kile. Kuperozi. Nililirudia njia nzima.

Aliniuliza ninapaka nini. Nikamtajia sabuni, ndimu na spiriti. Akauangalia ule mng'ao wa ngozi yangu kwa muda, akauliza, "Na krimu ya madame?" Nikatazama sakafu. Hakunikaripia sana. Alisema tu, "Uso apana sufuria. We unasugua, unasugua, na yeye anakasirika. Hii iko ya kubembeleza."

Kubembeleza. Neno la kumwambia mama mwenye mtoto mchanga, nami nikaambiwa mimi, mwenye mikono ya kukandia unga. Akanieleza polepole. Niache vyote nilivyokuwa napaka, na nikiacha krimu uso utalipuka kwanza, nivumilie. Ninawe kwa maji ya baridi kiasi na kwa mkono, si kwa kitambaa, na sabuni iwe ile ya watoto wachanga isiyo na manukato. Nisifute, nikaushe kwa kugusagusa. Kisha nitafute dawa nyeupe ya zinki, niipake kidogo sana, tena siyo usoni kwanza: chini ya taya, siku kadhaa, nione kama ngozi inaikubali. Ikikubali, nipande nayo shavuni. Mafuta yoyote yenye harufu nzuri niyakimbie, hata kama harufu ni ya waridi, hata kama nimepewa na malaika. Chai isiwe ya moto mno, pilipili niisahau, na kwenye tanuri nimwombe mwenzangu tubadilishane, yeye akae motoni, mimi nikande. Akasema hautaisha, ila ukiubembeleza utalala.

Dawa ya zinki ilikuwa imemwishia, akanielekeza famasi ya mjini. Nikaenda. Nilifika mlangoni nikawakuta ndani wanawake wawili wa sauti ya kwanza kwenye kwaya yangu, wanachagua poda. Ningesema nini? Naomba sabuni ya kitoto na mafuta ya uso, ni yangu? Nilinunua plasta nikaondoka. Sikuwa na kidonda.

Nyumbani Mama Riziki akaniuliza nilikuwa wapi muda wote huo. Nikamjibu natafuta mafuta. Akauliza mafuta gani. Nikasema, "Mafuta tu. Juu ya huu uso." Aliniangalia kwa upole ambao sikuuelewa, akanishika bega, akatoka.

Kwetu krimu ni mafuta, samli ni mafuta, mawese ni mafuta, na dawa ya kupaka ni mafuta. Lakini mgonjwa wa kanisa letu akisema anatafuta mafuta, ana maana moja tu: anaomba wazee wampake mafuta na kumwombea. Na desturi ni kwamba kabla hujapakwa, unatua mbele ya wote mzigo ulio moyoni. Niliyesema nilikuwa nafikiria famasi. Aliyesikia alikuwa anafikiria Mungu. Mama Riziki alikwenda mbio kwa Mama Elia, mke wa yule mzee, na furaha yake yote, kumweleza kwamba mume wake mwenyewe, bila kushurutishwa, anaomba maombi kwa ajili ya uso wake, na sasa wale wenye midomo watajua ni ugonjwa.

Alidhani ananisafisha.

Basi leo, baada ya mahubiri, Mzee Elia akasimama na chupa ndogo mkononi, akatangaza kwamba ndugu yetu Baba Riziki anatafuta mafuta. Kwaya ikanigeukia. Nilihisi damu ikipanda kutoka shingoni, na nikajua inavyoonekana. Nilitembea hadi mbele. Mke wangu upande wa wanawake alikuwa anatabasamu, ananipa moyo kwa kichwa.

Mzee akaniwekea mkono begani. Akanisogelea, akavuta pumzi kama kawaida yake. Akauliza, kwa sauti ya upole kweli, "Ndugu, kuko kitu gani unataka kuacha hapa mbele ya Mungu?"

Ningeweza kusema hakuna. Ningeweza kusema ninaumwa kuperozi, mniombee. Lakini kitu pekee kilichokuwa moyoni mwangu wakati ule kilikuwa kile kikopo. Nilikiona mbele yangu, na picha ya yule mwanamke anayecheka kwenye mfuniko. Nikawaza besi wa kwaya yangu, wabeba mizigo wa sokoni, wakisikia kwamba mwalimu wao anajipaka krimu ya wanawake. Nikawaona wakiigiza kila mazoezi, kidole shavuni. Na pale mbele yangu alikuwa mzee ananitazama pua, ana jibu lake tayari, jibu la kiume, jibu ambalo wanaume wengi wamewahi kulitoa pale pale na wakakumbatiwa.

Nikasema, "Ni pombe."

Kanisa likaitika amina iliyotikisa madirisha. Mzee Elia alilia. Watu walinishika mikono, mabesi wangu walinikumbatia mmoja mmoja. Na ukweli wote usemwe: nilijisikia vizuri. Kwa muda mfupi nilipendwa kuliko wakati wowote tangu nifike mji huu. Walinipaka mafuta kwenye paji la uso, kisha Mzee kwa upendo wake akanisugua mashavu yote mawili na pua, mafuta yenye harufu nzuri, na nikaanza kuungua mle mle ndani ya maombi.

Nilipofumbua macho nilimtafuta Mama Riziki. Hakuitika amina. Wanawake waliomzunguka walikuwa hawanitazami mimi tena. Walikuwa wanamtazama yeye, yeye aliyewaapia, na yeye alikuwa ananitazama mimi, hana rangi.

Njiani alinitangulia kwa mbali. Nilijiambia mvua ndiyo inayomkimbiza.

Hatujamaliza kuvua nguo zilizolowa, Mama Elia akabisha hodi na mwavuli wake. Hakuingia. Alimwambia Mama Riziki, kwa heshima zote, kwamba wamama wameonelea apumzike kidogo. Jumamosi bibi arusi atapelekwa na mwingine. Si kwa ubaya, ila atamfundaje binti wa watu juu ya nyumba, na watu wamesikia mambo ya nyumba yake. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilingoja ule ulimi wake ufanye kazi. Alisema tu, "Ndiyo, Mama," akafunga mlango.

Hapo ndipo nilipomweleza. Krimu, masera, famasi, plasta, kila kitu, nimesimama kama mtoto wa shule. Nilitegemea akasirike juu ya krimu.

"Krimu nilijua," alisema. "Kikopo kilikuwa kinashuka, na mutu wa kukishusha ni we. Nikanyamaza. Nikasema bwana yangu anaona haya, nimuache."

Akachukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi. Kisha akasema lile ambalo ningependa nisilisikie tena maishani.

"Leo ulipenda mi nikuwe muke ya mulevi, kusudi we usiitwe mwanaume ya kupaka krimu."

Ni kweli. Nilidhani ninatoa jina langu, kumbe lililotoka ni lake. Yeye ndiye aliyelijenga hilo jina, ndoo chini, bombani, neno kwa neno, nami nimelitoa mbele ya watu ili nisichekwe na wabeba mizigo.

Ndiyo maana niko hapa ukingoni mwa kitanda. Kesho nitaenda kazini, Jumapili nitakaa nyuma, watu watanihurumia, na baada ya muda nitarudishwa mezani kama mtu aliyeokolewa na pombe. Ningeweza kuishi hivyo. Hicho ndicho kinachoniogopesha, jinsi ambavyo ningeweza.

Mwoga mimi.

Mvua haijapungua. Nyumba ya Mzee Elia iko karibu, na wamama wako pale sasa hivi, hukutana kwake kila Jumapili jioni. Natua kalamu.

*

Nimeenda na nimerudi, nimelowa hadi mifupa.

Nilikuta chumba kimejaa wanawake na vikombe vya chai, na Mzee Elia kwenye kiti chake pembeni. Walinikaribisha kwa ile sauti ya kumkaribishia mgonjwa. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitakunywa chai na nitasifia mvua na nitarudi nyumbani. Nikasema, "Mi sinywi pombe. Sijakunywa hata siku moja. Niliona haya tu, kwa kuwa nilikuwa ninapaka krimu ya muke yangu." Na kwa kuwa nilishaanza, nikawaeleza na kuperozi, na masera, na sabuni ya watoto. Uso ulikuwa unawaka kwa mafuta yao na sikuuficha.

Kisha Mama Elia akacheka. Alijaribu kujizuia na leso, akashindwa, akashika meza, na chumba kizima kikamfuata. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nilisimama katikati yao nikachekwa, na ilikuwa mbaya kama nilivyoogopa, wala haikupungua chochote.

Mzee Elia hakucheka. Alisema ya pombe yamefutika, atayatangaza mwenyewe. Lakini nimesema uongo mbele ya mafuta ya Mungu, na hilo kwake ni kubwa kuliko chupa. Benchi la nyuma liko pale pale, na kwaya niikabidhi. Nikasema sawa, Mzee. Nikauliza habari ya mke wangu. Mama Elia akafuta macho akasema nimwambie Jumamosi asichelewe, watu wa bwana arusi wanapenda kuwahi. Nilipokuwa mlangoni mwanamke mmoja, nisiyemjua vizuri, akanifuata akaniuliza kwa sauti ya chini yule masera anapatikana siku gani, kwa maana dada yake mashavu yake yanawaka na nyumbani wanamsema.

Nimemweleza Mama Riziki yote, hata kicheko. Alisikiliza huku anachochea makaa. Aliniambia watanicheka mpaka mwaka ujao. Nikasema najua. Akauliza kama Mzee amesema nitakaa nyuma. Nikasema nitakaa.

"Sawa," alisema. "Sasa utakaa kwa zambi yako."

Hajacheka, hajaniangalia, na sidhani amenisamehe. Ameniambia nisogee, ninamziba mwanga. Ametoa kitenge chake kizuri sandukuni, amekitandika mezani, na sasa anajaza makaa kwenye pasi.